Naomba ushauri: Winston, John na Montag nawalinganishaje?

Habari zenu wadau, nimekwama. Nina insha ya kulinganisha riwaya tatu, 1984 ya Orwell iliyotoka 1949, Brave New World ya Huxley ya 1932 na Fahrenheit 451 ya Bradbury ya 1953. Mwanzo niliona rahisi tu, serikali mbaya, mhusika anaasi, basi. Ila nikirudia kusoma naona watu hawabanwi kwa njia moja hata kidogo. Kwa Orwell ni woga, skrini inakuchungulia mpaka nyumbani na Winston mwenyewe kazi yake ni kubadilisha magazeti ya zamani ili chama kionekane hakijawahi kukosea. Kwa Huxley hakuna wa kumwogopa, watu wanatengenezwa kwenye chupa, wakipata mawazo wanameza kidonge cha kulevya kinachoitwa "soma" wanatulia, yani wanaupenda utumwa wao na hilo ndo linanitisha kuliko kipigo.

Montag wa Bradbury ni zimamoto anayechoma vitabu, yuko ndani ya mfumo kama Winston, wakati John wa Huxley kakulia nje kabisa ya mfumo, akisoma kitabu chake cha Shakespeare.

Sasa nipange insha kwa woga na raha, au kwa aliyetoka ndani na aliyetoka nje? Na mwisho wao je, Winston anavunjwa, John anajiua, Montag pekee anatoroka na kuwakuta watu waliohifadhi vitabu kichwani lakini mji wake unalipuliwa, huo tuuite ushindi kweli? Mimi naona ndio ila sijui nautetea vipi. Aliyewahi kuandika mada kama hii anielekeze jamani, nakabidhi Ijumaa.