MREJESHO: Roboti za kugeuka gari, za kuunganisha mwenyewe

Wakuu, niliuliza kama roboti za kuchezea zinazogeuka magari, mfano Transformers, zingefaa kuuzwa vipandevipande mtu aunganishe mwenyewe. Mpwa wangu hapa Mwanga, Kigoma, amemaliza moja. Kuunganisha ni raha tupu: unakata kipande kwenye fremu ya plastiki inayoshika vipande, unakibana, kinaingia ta! Gundi haihitajiki, sawa na Gunpla nyingi (modeli za roboti za Gundam za kuunganisha mwenyewe) za kampuni ya Bandai ya Japani.

Kasheshe ni kugeuza. Plastiki inasugua plastiki, bega linalegea, mkono unaning'inia kama wa mlevi. Za dukani zilizokamilika mara nyingi zina pini za chuma na skrubu. Tulipaka supagluu kidogo kwenye kiungo, tukaiacha ikauke kabisa ndipo tukarudisha, sasa kimekaza. Kwangu zinafaa, ila kwa mtu wa kuzipanga kabatini kama pambo. Mtoto wa chekechea mnunulieni iliyokwishaungwa.