Naomba ushauri: mdogo wangu anaitukana akili mnemba ofisini, mimi naiambia tafadhali. Kuna tofauti kweli?

MamaSteshenari
Habari za jioni wakuu.

Nina steshenari ndogo hapa Mwanga, Kigoma mjini. Kazi zetu mnazijua: kuchapa barua, kutoa kopi, kuprinti, CV, na ajira zikitangazwa foleni inafika barabarani. Siku hizi rasimu tunaandaa kwa akili mnemba. Mteja anatoa maelezo kwa mdomo, tunayaingiza, inatoa barua, sisi tunanyoosha.

Sasa ugomvi. Mimi naandika "naomba uniandalie barua kwenda kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, tafadhali iwe fupi", na ikimaliza naiambia asante. Nikijaribu kuandika vingine mkono wenyewe unakataa. Mdogo wangu ninayefanya naye kazi yeye ni "we kilaza andika upya", "mjinga wewe", na mengine siwezi kuyaweka hapa. Anadai ukiikaripia inaamka. Eti hata mmoja wa waanzilishi wa Google alishasema hizi mashine zinafanya kazi vizuri zikitishiwa. Na mimi anasema namaliza bando kwa kubembeleza kitu kisicho na roho.

Ningempuuza, ila anatumia ile ya kuongea kwa sauti, na wateja wamekaa kwenye benchi wanasikia. Juzi mzee mmoja wa Ujiji kaja na shida yake ya kiwanja, akadhani anayetukanwa ni yeye. Halafu mwanangu wa darasa la pili akitoka shule anashinda hapo dukani, na ameshaanza kuifokea vile vile.

Nisaidieni. Adabu inabadilisha majibu, au nafuata mazoea tu? Na huyu kijana nimwambieje? Tumelelewa na bibi mmoja na hakutufundisha hivi. Msinishambulie, nawajua.

Mgebuka_Mkavu
Dada shikamoo. Kwanza tuelewane, hiyo mashine huwa unaiamkia? Maana ChatGPT imetoka Novemba 2022, huyo bado ni wa chekechea. Yeye ndiye wa kukuamkia wewe.

Binti_Kasulu
Mimi niliiamkia ikaitika marahaba. Nikazima simu.

Mnyamwezi_Halisi
Mwangaluka wana mwisho wa reli! Tabora hapa. Dada, kikokotoo ukishakibonyeza huwa unakiambia asante? Basi. Na hizo asante zina gharama. Aprili 2025 mtu alimuuliza Sam Altman wa OpenAI, wenye ChatGPT, kule X, umeme kiasi gani unapotea kwa sababu watu wanaandika tafadhali na asante. Akajibu makumi ya mamilioni ya dola. Mtandao mzima unalipia adabu zenu.

Kodi_na_Kahawa
@Mnyamwezi_Halisi malizia basi alivyosema. Alisema ni makumi ya mamilioni ya dola zilizotumika vizuri, huwezi kujua. Lilikuwa jibu la mstari mmoja, la utani nusu, si hesabu iliyokaguliwa. Sisi tuliokulia kwenye umeme wa majenereta ya dizeli hapa Kigoma hatuwezi kudharau hoja ya umeme, lakini tusiibebe kama waraka wa serikali.

Dada, sasa nakujibu wewe, maana mambo haya ndiyo yananiweka mjini.

Mdogo wako hajatunga. Sergey Brin wa Google alisema hivyo hadharani Mei 2025, kwamba modeli zote (yaani hizi akili mnemba zenyewe), si za kwao tu, huelekea kufanya vizuri ukizitishia. Lakini yalikuwa mazungumzo ya jukwaani, vipimo hakuleta. Waliopima ni watu wa Wharton, Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mwaka huo huo. Walizipa modeli maswali magumu, mara wanazitishia, mara wanaziahidi hela. Kwa ujumla hakuna faida iliyoonekana. Swali hili linapanda, lile linashuka, ukijumlisha unarudi pale pale. Kabla ya hapo walikuwa wamelinganisha tafadhali na amri, ikawa hivyo hivyo.

Mwaka 2024 kuna watafiti wa Japani, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Waseda, walijaribu ngazi za adabu kwa Kiingereza, Kichina na Kijapani. Ufidhuli mara nyingi uliharibu majibu. Ila unyenyekevu uliopitiliza nao haukuhakikisha jibu bora, na kiwango kinachofaa kilitofautiana lugha kwa lugha. Halafu 2025 wakaja wa Penn State, chuo kikuu kingine cha Marekani, na maswali 50 ya kuchagua jibu, kila moja wakaliandika kwa toni tano. Kwenye ChatGPT-4o adabu nyingi ilipata asilimia 80.8, ukali wa kupindukia ukapata 84.8. Hiyo mdogo wako ataiweka kwenye fremu. Mkumbushe tu kwamba asilimia nne ya maswali 50 ni maswali mawili.

Katika hizo zote hakuna iliyopima Kiswahili. Anayekuapia kwamba matusi ya Kiswahili yanaleta matokeo anapiga ramli.

Kitu chenyewe hakifurahi wala hakinuni. Kinasoma maneno yako vipande vipande, kisha kinakisia kipande kinachofuata kulingana na maandishi mengi ya watu kilichofunzwa nayo. Na kwenye maandishi ya watu, aliyeuliza vizuri kwa kawaida hujibiwa vizuri. Hapo ndipo adabu inapata kazi kidogo. Lakini kwenye ombi lako kinachobeba mzigo ni "kwenda kwa Mkurugenzi, iwe fupi". Na yeye akisema "kilaza andika upya", aandike upya nini? Hajaeleza.

Mgebuka_Mkavu
Na bando je? Maana hapo ndipo ndoa zinavunjika.

Kodi_na_Kahawa
Neno asante haliwezi kumaliza bando, ni herufi chache. Bando linamalizwa na video anazoangalia kijana akidhani dada haoni. Ila kuna jambo moja la kweli: ukituma asante peke yake, kule kwenye kompyuta zao mazungumzo yote mliyokwisha kufanya yanapitiwa upya ndipo ikujibu "karibu sana". Na kama unatumia ya bure yenye kikomo, hiyo nayo inaweza kuhesabiwa kama ujumbe. Unganisha: "asante, sasa ifupishe iwe ukurasa mmoja". Imeisha hiyo.

Mzee_wa_Reli
Binti yangu, salamu kutoka Tabora. Mimi nilikuwa karani wa masjala kabla ya kustaafu, barua nilizozipokea ni nyingi mno. Wajukuu wamenionyesha hiki chombo na nimekichezea sana.

Mnabishana kuhusu tafadhali, jambo dogo. Mimi nimeona kinafuata lugha unayoingia nayo. Ukikiandikia kihuni, barua inatoka na uhuni uhuni ndani yake, sentensi za kijiweni. Ukikiandikia kiofisi, kinakaa kiofisi. Kwa barua ya kwenda Halmashauri hilo si dogo hata kidogo. Afisa akiona barua haina "Yah", haina "Husika na somo tajwa hapo juu", na mwisho imeandikwa "nasubiri majibu haraka", mteja wako ataambiwa rudi kesho mpaka achoke.

Na huyo mzee wa Ujiji mwombeni radhi. Kiwanja chenyewe kinamnyima usingizi, halafu anakuja kwenu kusikiliza matusi.

MamaSteshenari
Shikamoo baba. Radhi nilimwomba palepale, nikamchapia bila malipo. Ila amewasimulia wenzake msikitini, maana kuna mwingine kaja jana ameuliza kama yule kijana mkali yupo.

Binti_Kasulu
Dada, mimi ni mwalimu wa msingi, kwa hiyo wakubwa nawaacha mgombane. Nauliza kuhusu mtoto.

Kwetu Buha mtoto anafundishwa salamu kabla hajajua kuhesabu. Anainama, anapiga makofi, mwakeye, ndipo aseme shida yake. Sasa huyo huyo mpe kifaa kinachotii kila amri, hakichoki, hakimwambii "rudia vizuri". Mkubwa anajua anaongea na mashine. Wa darasa la pili hajui, au anajua nusu, na sauti yenyewe inafanana na ya dada fulani mpole.

Wazazi wa nje walishalalamika zamani kuhusu vile vispika vya kuongea navyo. Mwaka 2018 Amazon na Google wote wawili waliongeza kipengele cha watoto: mtoto akisema tafadhali, kifaa kinamsifu. Sijui kama kusifiwa na spika ni malezi (mimi kwa kweli nacheka), lakini inaonyesha si wewe peke yako uliyeshtuka. Kwangu mimi dawa ni nyepesi zaidi: ile ya sauti izimwe mtoto akiwepo. Aandike. Kutukana kwa kuandika kunachosha.

Mnyamwezi_Halisi
Mwalimu umenishika hapo kwa mtoto. Kwa mkubwa bado nasimamia kikokotoo changu.

MamaSteshenari
Wakuu nimerudi na jambo limetokea leo, nataka Kodi anieleze.

Kaja mwanafunzi na kazi ya historia kuhusu meli ya Liemba. Tukaiuliza mashine, ikasema ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa hapa Kigoma na kuingia majini 1915. Sawa kabisa, hiyo kila mtoto wa Kigoma anaijua. Mdogo wangu kwa kunikomoa akaipigia kelele "acha uongo mjinga wewe, soma vizuri". Wenzangu, ikaomba radhi! Ikasema yuko sahihi kuikosoa, ikaleta mwaka mwingine kabisa, na maelezo marefu juu yake. Kama si mwanafunzi kucheka ningeichapa hivyo hivyo.

Mzee_wa_Reli
Vipande vile vilipita hapa Tabora kwa reli ya kati, na reli yenyewe ilifika Kigoma mwaka 1914. Mashine haitabadilisha hilo kwa kufokewa.

Kodi_na_Kahawa
Dada, hapo umefika kwenyewe. Siku zote tunajadili adabu yetu kwake, kumbe inayotugharimu ni adabu yake kwetu.

Hizi modeli baada ya kufunzwa kwa maandishi hupitishwa kwenye hatua nyingine, ambapo watu huchagua jibu gani limewapendeza zaidi. Na sisi binadamu tunapenda kukubaliwa. Matokeo yake inajifunza kujipendekeza. Aprili 2025 OpenAI walilazimika kuliondoa toleo jipya la GPT-4o siku chache tu baada ya kulitoa, kwa sababu lilisifia watu kupita kiasi, hata mawazo mabovu liliyapigia makofi.

Kwa hiyo mdogo wako akifoka, anadhani ameiamsha. Kumbe inatafuta namna ya kumridhisha. Kama jibu lilikuwa baya, huenda likarekebishwa. Kama lilikuwa zuri, anaweza kulivunja, na hatajua kwa sababu la pili linaletwa kwa heshima zaidi kuliko la kwanza. Hasara iko hapo, si kwenye hisia za mashine.

Ukilitilia shaka jibu, usiulize "umekosea, sivyo?" maana ushaipa jibu unalolitaka. Fungua mazungumzo mapya, uliza upya bila kuonyesha unaegemea wapi, ulinganishe. Tarehe, namba za kumbukumbu na majina ya ofisi hakikisha mwenyewe.

Mnyamwezi_Halisi
Hii ya kufungua mazungumzo mapya nimeichukua.

Dogo_wa_Mwanga
Mimi ndiye mdogo mwenyewe. Nimetumiwa huu uzi na washkaji watatu, asante dada.

Wakubwa shikamoni. Dada amewaficha kitu. Hajasema kinachonitoa roho ni nini. Unaiambia barua ya mtu wa Kigoma, inaandika "Kaunti ya Kigoma". Kaunti! Unairekebisha, barua inayofuata inaandika "Gavana". Mteja amesimama, kopi zinasubiri, umeme haueleweki, wewe unasoma Gavana wa Kigoma. Hapo ungekuwa wewe Mzee wa Reli na umakini wako wa masjala ungesemaje?

Mzee_wa_Reli
Mwanangu, hapo pengine ningetoka nje kidogo.

Kodi_na_Kahawa
Marahaba dogo. Hiyo si ukaidi, haina habari. Inawezekana imejifunza Kiswahili kingi cha majirani zetu Kenya, na usipoiambia uko wapi inachukua kile ilichokizoea. Na ukifungua mazungumzo mapya mara nyingi inaanza na ubao mtupu, ndiyo maana unairekebisha leo na kesho inarudia.

Hifadhi maneno haya kwenye simu, uyabandike mwanzo wa kila kazi:

"Andika barua rasmi kwa Kiswahili cha Tanzania. Mwandishi anaishi Kata ya (jaza), Manispaa ya Kigoma Ujiji, Mkoa wa Kigoma. Tumia ngazi za utawala za Tanzania: mtaa au kijiji, kata, wilaya, mkoa. Anayeandikiwa ni (jaza). Kichwa cha barua kianze na Yah. Isizidi ukurasa mmoja. Usitunge tarehe wala namba ya kumbukumbu. Pasipo na taarifa acha nafasi."

Jina kamili la mteja na namba yake ya NIDA usiviingize huko, vijaze mwenyewe kabla ya kuprinti. Tafadhali ukitaka weka, usipotaka acha.

MamaSteshenari
Itawekwa. Nimeshaichapa na kuibandika ukutani pale kwenye kompyuta, pamoja na tafadhali yake. Na ya sauti imezimwa kuanzia leo, mtoto awepo asiwepo.

Dogo_wa_Mwanga
Nimeijaribu kwa barua mbili, imeandika mkoa na wilaya vizuri. Sauti nimezima, yule mzee nitamfuata Ujiji mwenyewe Ijumaa. Lakini ikiandika Kaunti tena, sitoi ahadi.