Nani alimpa yule bwana ruhusa ya kusimamisha picha kabla ya mama wa visu kupita?

Goti na Kiwiko (mleta uzi)

Ndugu zangu, naandika nikiwa bado natetemeka kwa hasira, kwa hiyo mnisamehe nisipoanza kwa salamu. Nimetoka sasa hivi katika banda la video la nyuma ya soko, na yule bwana wa kipaza sauti, anayetutafsiria filamu za kigeni zikiwa zinaonyeshwa, ambaye sina haja ya kumtaja kwa sababu hata paka wa mtaa huu wanaijua sauti yake, amenifanyia jambo ambalo sitalisahau hadi siku ya kuzikwa kwangu. Amesimamisha picha. Amesimamisha picha kabla ya mama wa visu kupita.

Kwa asiyejua uzito wa jambo hili, filamu yenyewe ni Ong-Bak, ile ya mapigano ya Thailand ya mwaka 2003 iliyoongozwa na Prachya Pinkaew, ambamo steringi, yaani mhusika mkuu, Tony Jaa anatoka kijijini kwenda Bangkok kukitafuta kichwa cha sanamu ya Buddha kilichoibwa. Anayemsaidia, au tuseme anayemsumbua, ni mtu wa kijijini kwao aitwaye Humlae, na anayemcheza ni mchekeshaji Petchtai Wongkamlao. Wanafukuzwa vichochoroni na kundi zima la wahuni. Steringi anaruka na kupenya katika duara la seng'enge, anateleza chini ya gari miguu ikiwa imepanuka, anapita katikati ya vioo viwili vilivyobebwa na mafundi, na yote hayo anayafanya kwa mwili wake mwenyewe, bila kuvutwa kwa waya na bila ujanja wa kompyuta. Humlae yeye hana goti wala kiwiko cha kupigania. Ana pumzi tu, nayo inamwishia. Anapobanwa anakwapua kisu cha mchuuzi, anawageukia wale wahuni, nao wanasita. Hapo hapo anapita mama mmoja akinadi visu vya kuuza.

Hicho ndicho kichekesho, na hakina neno hata moja la kutafsiriwa. Mtoto wa miaka 4 anakielewa, bibi yangu ambaye masikio yamemchoka anakielewa, na mbuzi aliyefungwa nje ya banda angekielewa kama angeachwa achungulie. Kinachotakiwa ni kimya cha kupepesa jicho mara moja, ili sisi wenyewe tuyaone yale maji yanavyomfika Humlae shingoni. Yule bwana akabonyeza rimoti, picha ikaganda kisu kikiwa hewani, akatutangazia: "Sasa hivi atakuja mama muuza visu, na hapo mtacheka wenyewe." Kisha akawasalimu wateja wa benchi la mbele mmoja baada ya mwingine, akatangaza mechi ya kesho na kiingilio chake, ndipo akaiachia picha. Mama akapita. Hakucheka mtu. Mpwa wangu, ambaye nilikuwa nimemsimulia habari za mama huyu wiki nzima kama mtu anayesimulia harusi ya dada yake, akanigeukia gizani na kuniuliza, "Mjomba, ndiye huyu tu?"

Linaloniuma zaidi ni kwamba kulikuwa na mahali tulipomhitaji yule bwana, na hapo alinyamaza. Humlae amekwenda mjini, amepaka nywele rangi, na amejipa jina la George. Halafu mtu wa nyumbani anatokea na kumwita Humlae mbele ya watu. Sote tuna ndugu wa namna hiyo, aliyepanda basi akiwa na jina moja na kushuka Dar es Salaam akiwa na jingine, na mtu akielezwa hivyo kwa sentensi moja tu banda zima lingeanguka kwa kicheko. Lugha ya Kithai ina toni 5, neno likipandishwa au kushushwa linageuka maana, na lafudhi ya Isan, ukanda wa kaskazini-mashariki anakotoka Petchtai mwenyewe, inatosha kuwachekesha watu wa mjini kabla mzaha haujaanza. Huo ndio udhaifu mkubwa wa filamu hizi kwetu sisi tulio mbali, kwamba nusu ya ucheshi wake haivuki bahari bila mtu wa kuushika mkono, na mshika mkono wetu wakati huo alikuwa anakula mihogo. Tulimsikia akitafuna katika spika zote mbili. Mahali pa kusema akatafuna, na mahali pa kunyamaza akasimamisha picha.

Nilimfuata mwishoni nikamweleza kwa adabu. Akawasha kipaza sauti na kusema mbele ya watu wote: "Huyu ndugu anaona sinema inatosha bila mimi. Mrudishieni mia tano yake aende Thailand." Kwa hilo walicheka! Kicheko alichokiua katika filamu alikifufua juu ya kichwa changu.

Benchi la Mbele

Mleta uzi, mimi ni mmoja wa wale waliosalimiwa, na nimesalimika salama. Kwa faida ya ambao hawakuwapo, ningependa kueleza kwamba mtu huyu alisimama mara tatu kudai kimya, na kila aliposimama kichwa chake kilifunika robo ya picha, upande uleule ambao steringi alikuwa akitua. Bajaji zilipoanza kuporomoka kutoka kwenye barabara ya juu isiyokamilika, mimi niliona mabega yake. Hivyo kama mama wa visu hakuwachekesha watu wa nyuma, huenda ni kwa sababu hawakumwona.

Fundi Spika

Pole sana, mkuu, lakini kidonda chako ni mchubuko ukilinganisha na changu. Bwana huyohuyo alituonyesha Tom-Yum-Goong ya mwaka 2005, ambamo Tony Jaa anawafuata tembo wake walioibwa na kupelekwa Sydney. Jina la filamu ni jina la supu ya kamba, wale wa majini, na ndilo jina la mgahawa wanakofichwa wale tembo. Humo mna pambano la ngazi za mgahawa: steringi anapanda ghorofa hadi ghorofa akiwaangusha watu, na kamera inamfuata karibu dakika 4 bila kukatwa hata mara moja. Hakuna mahali pa mtu kupumzika. Akikosea mmoja, ngazi zote zinarudiwa tangu chini. Unamwona Tony Jaa kule juu mabega yameshuka na ngumi zimepungua kasi, na uchovu ule si wa kuigiza, ni wa mtu aliyepanda kweli.

Yule bwana alilisogeza mbele. Alisema hapo hakuna mazungumzo, kwa hiyo hakuna kazi yake. Dakika 4 zilipita kama nzi.

Tena kuhusu tembo, alitueleza kwamba walikuwa mahari. Wale tembo wamelelewa nyumbani kwa yule kijana kama ndugu zake wa kuzaliwa, na baba yake anapigwa risasi siku wanapoibwa, lakini sisi tulikaa saa nzima tukiamini kwamba kijana anavunja mifupa ya mji mzima kwa sababu ya mahari ambayo mchumba wake hatukumwona hadi mwisho. Wanawake waliokuwa nyuma yangu walikuwa wakimlaani baba mkwe asiyekuwapo.

Goti na Kiwiko (mleta uzi)

Ndugu Fundi, nakupa pole ya dhati kwa ngazi zako, lakini kusogeza mbele ni kosa la uvivu. Yeye alisimamisha. Alikijua kichekesho, alijua kinakuja, akakizuia mlangoni ili atangulie kuingia yeye.

Shangazi wa Ukumbini

Wanangu, mnamlaumu mwenye kipaza sauti kana kwamba vichekesho vyenyewe vyote vingestahili kuokolewa. Nimezitazama filamu hizi kwa miaka mingi na ninazipenda kwa magoti yake, ila ucheshi wake umenichosha katika jambo moja. Akihitajika mtu wa kuchekwa haraka, ataletwa mwanamume aliyevaa mavazi ya kike, amkimbilie mmoja wa wahusika, naye akimbie akipiga mayowe. Hapo tunatakiwa tucheke. Asipokuwa huyo, ni mtu mwenye ngozi nyeusi ambaye mwenzake anamkejeli kwa weusi wake. Mimi ni mweusi na nimelipa kiingilio kama ninyi nyote, na sioni kilichochekesha. Hapo ndipo ningetamani yule bwana asimamishe picha atangaze mechi hadi asubuhi.

Na yule binti wa Ong-Bak, mwenzake Humlae katika utapeli, amepewa sauti ya kulia na kupiga kelele na hakupewa jambo jingine la maana la kufanya.

Mzee wa Kaseti

Shangazi amesema kweli, na mimi ninaongeza udhaifu mwingine ambao vijana hawataki kuuzungumzia. Steringi akiruka, tunaonyeshwa. Kisha tunaonyeshwa tena kutoka upande wa kushoto, na mara ya tatu polepole kutoka juu. Tumeona, jamani! Najua sababu yake, na sababu hiyo ina heshima yake: Panna Rittikrai, aliyemfundisha Tony Jaa na kuyapanga mapigano hayo, alitaka mtazamaji athibitishe kwa macho yake kwamba hakuna waya wala mtu wa kuruka badala ya mwigizaji. Panna alianza kwa kutengeneza filamu za fedha kidogo kwa miaka mingi huku akiwalea vijana wa kuruka na kuanguka, na alipofariki mwaka 2014 alikuwa ameifanya dunia igeuze shingo kuitazama Thailand. Lakini ushahidi ukirudiwa mara tatu mbio zinapoa, na kichekesho kinachofuata kinakuta watu wamekwisha kukaa chini.

Sisi tuliolelewa na kaseti za Hong Kong tulizoea jambo jingine. Jackie Chan anapigana na kuchekesha kwa mwili uleule mmoja; ngumi ikimkosa adui inampata ukuta, naye anaupuliza mkono wake, na hapo umecheka na kuogopa kwa wakati mmoja. Wathai wamezigawa kazi hizo kwa watu wawili. Tony Jaa anapiga na uso wake hautikisiki; Petchtai anachekesha, na anapopigwa hapigani vya kutosha. Wanapokimbia pamoja, kama katika vichochoro vile, mgawanyo huo unazaa utamu mkubwa, kwa sababu kila alichofanya mmoja kwa ustadi mwenzake anakifanya kwa hofu. Wakitenganishwa, filamu inakuwa mbili zilizoshonwa kwa uzi wa katani. Mwaka 2004 Petchtai aliongoza na kucheza mwenyewe filamu ya mlinzi wa matajiri, Tony Jaa akapita humo kidogo kama mgeni, na mtu unatoka ukiwa umecheka lakini goti halikukufika kifuani.

Goti na Kiwiko (mleta uzi)

Mzee wangu, shikamoo, na maneno yako nayakubali yote. Ndiyo maana nasema kwamba mama wa visu ni mahali pekee ambapo wale watu wawili wanakuwa filamu moja. Mmoja ameruka visivyorukika, mwingine amekwapua kisu, na mama mmoja mwenye bidhaa yake anayageuza yote. Ukiusimamisha ule mwendo hata kwa salamu moja, kinachobaki ni mama anayefanya biashara.

Benchi la Mbele

Mama anayefanya biashara ni jambo la heshima. Mleta uzi asidharau wachuuzi.

Mkaa Dirishani

Mzee wa Kaseti umemtaja Jackie Chan na umenikumbusha jambo ambalo limetugombanisha hapa nyumbani. Katika ile filamu ya tembo, Tony Jaa anapofika uwanja wa ndege anapishana na Jackie Chan mwenyewe, wanagongana mabega na kutazamana. Yule bwana wa kipaza sauti alitwambia kwamba Jackie alikodiwa ndege nzima kwa ajili ya sekunde zile. Ni kweli ni yeye?

Fundi Spika

Siye. Ni mtu aliyefanana naye, na aliwekwa pale kama salamu ya heshima kwa mkubwa. Itazame pua.

Mkaa Dirishani

Nimeitazama pua. Ni yeye.

Mzee wa Kaseti

Mwanangu, mimi nimeishi na ile pua tangu ujana wangu. Siye.

Shangazi wa Ukumbini

Siye, na hata nywele zinasema. Lakini mniambie mimi, kwa nini katika Ong-Bak 2 ya mwaka 2008 walimrudisha Tony Jaa karne nyingi nyuma, wakampa panga na huzuni, na kicheko wakakiacha mlangoni? Nilikwenda na wajukuu nikiwaahidi bajaji. Mkubwa wao alilia hadi tukafika kituoni.

Goti na Kiwiko (mleta uzi)

Naomba turudi kwa mama wa visu. Mpwa wangu amelala bila kumcheka.

Benchi la Mbele

Shangazi, bajaji hazimo katika ile ya pili kwa sababu wakati huo hazikuwapo duniani. Hata hivyo nakuunga mkono. Nilimbebea binamu yangu filamu hiyo hadi Morogoro nikimwapia kwamba atavunjika mbavu kwa kicheko, na hadi leo akinipigia simu huanza kwa kuulizia mbavu zake.

Mkaa Dirishani

Nimesimamisha picha hapo uwanja wa ndege na kuwaita majirani wanne. Watatu wanasema ni Jackie.

Fundi Spika

Waambie majirani wako watatu kwamba nimeweka soda ya kila mmoja. Wakipata mtu wa kuwathibitishia kuwa ni yeye, nitakuja kuzilipa mwenyewe dukani, zikiwa baridi.

Mkaa Dirishani

Wanauliza kama unalipia na maandazi.