Mawakala wa tiketi, acheni kutuuzia safari zilizokatwa vipande msimu wa Julai na Agosti bila kutuambia

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nimesubiri wiki tatu kabla ya kufungua uzi huu ili hasira zipoe niweze kueleza jambo hili kwa utaratibu. Hazijapoa, na kila ninapozisoma upya barua pepe za wakala aliyeniuzia tiketi naona kwamba nikinyamaza, kuna mfanyabiashara mwenzangu atakayetumbukizwa kwenye shimo hilo hilo msimu ujao. Sitataja jina la wakala wala la mashirika ya ndege, kwa kuwa madai yangu bado yako mezani kwao, ila yaliyotokea nitayaeleza yote.

Mimi ninauza kahawa kutoka Karagwe. Mwezi Julai nilikuwa na miadi Hamburg na mnunuzi ambaye nimemfuatilia kwa miaka miwili, siku ya Jumanne saa tatu asubuhi, na Jumatano yake alikuwa anaanza likizo ya wiki tatu. Wanaofanya biashara na Wajerumani wanajua kwamba likizo ya mtu huko haisogezwi kwa ajili ya mgeni, na kwamba mwezi wa Julai na Agosti nusu ya watu unaowahitaji hawapo ofisini. Kwa hiyo tarehe ile ndiyo ilikuwa tarehe, na nilijipanga mapema kama inavyotakiwa. Maombi ya viza ya Schengen, ile viza moja ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, nami niliyapeleka mwezi Machi, nikalipa zile euro 90 ambazo hazirudishwi hata ukinyimwa, na kufikia Mei pasipoti yangu ilikuwa mkononi. Nauli nililipa siku hiyo hiyo, kwa sababu miezi hiyo ndege zinazotoka na kuingia Dar es Salaam, Zanzibar na KIA (uwanja wa Kilimanjaro) hujaa watalii wa Serengeti na wa pwani pamoja na ndugu zetu wa ughaibuni wanaorudi kusalimia wazee, na anayechelewa hulipa karibu mara mbili.

Wakala alinipa karatasi moja yenye ratiba moja: Dar hadi mji mmoja wa Ghuba, kisha Frankfurt, kisha Hamburg, na kati ya kutua Frankfurt na kuondoka kwenda Hamburg kulikuwa na dakika 100. Nilimuuliza mbele ya msaidizi wake kama muda huo unatosha. Akanijibu, "Mzee, huo ni muda mwingi, utakunywa na kahawa." Jambo ambalo hakuniambia, na ambalo ndilo kiini cha malalamiko yangu, ni kwamba karatasi ile moja ilikuwa na tiketi mbili ndani yake. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kuliko za risiti ya sheli, kulikuwa na namba mbili tofauti za bukingi, kila moja ya herufi sita. Dar hadi Frankfurt ilikuwa tiketi ya shirika moja, na Frankfurt hadi Hamburg tiketi ya shirika jingine lisilokuwa na uhusiano wowote na lile la kwanza.

Niligundua nikiwa kwenye kaunta, Jengo la Tatu la Abiria pale Julius Nyerere. Dada wa kaunta alibandika lebo kwenye begi langu, nami kwa mazoea nikaitazama: iliandikwa FRA, yaani Frankfurt, na HAM ya Hamburg haikuwepo. Nilipouliza, akaniambia kwa upole kwamba kwenye mfumo wake safari yangu inaishia Frankfurt. Hapo hapo akaniomba hata begi dogo la mkononi liende na mizigo ya chini ya ndege, lenye sampuli 12 za kahawa mbichi za gramu 300 kila moja, kwa sababu ndege imejaa na nafasi ya juu ya viti haitatosha. Nilikataa mara mbili, na mara ya tatu, foleni ikiwa inanung'unika nyuma yangu, nikakubali. Kosa hilo ni langu na ninalikiri.

Ndege ya kutoka Ghuba ilichelewa kuruka, tukatua Frankfurt nusu saa nyuma ya ratiba. Sasa hapa ndipo ninapotaka mawakala wasome polepole. Kwa mwenye pasipoti ya Tanzania, Frankfurt ndiyo ilikuwa mlango wangu wa kwanza wa Schengen, maana yake pasipoti inakaguliwa hapo hata kama unaendelea mbele, na ile foleni ya wasio raia wa Ulaya mwezi wa Julai haifanani na ya Februari. Nilisimama dakika 50 nyuma ya familia zenye watoto waliolala mabegani, huku foleni ya jirani ya wenye pasipoti za Ulaya ikipita kama maji. Isitoshe, kwa kuwa tiketi zilikuwa mbili, ilinilazimu nisubiri mabegi kwenye mkanda, niyabebe na kuyasajili upya kwa shirika la pili. Mkanda ulizunguka mpaka ukasimama. Begi kubwa lilikuja, lakini lile dogo la sampuli lilikuwa limebaki Ghuba. Nilipomaliza kujaza fomu ya mzigo uliochelewa, ndege ya Hamburg ilikuwa imeshaondoka zamani.

Kwenye kaunta ya shirika la pili nikaambiwa kwamba nimehesabiwa kama abiria asiyetokea, tiketi imekufa, na ndege zote za jioni ile zimejaa. Shirika la kwanza likasema limenifikisha Frankfurt salama na yaliyobaki hayalihusu. Wakala hakupokea simu. Aliyeniokoa ni mfanyakazi wa usafi, mama mmoja wa Eritrea, aliyeniona nimekaa juu ya begi akanielekeza stesheni ya treni za masafa iliyopo hapo hapo uwanjani. Kwa treni, Hamburg ni safari ya saa nne hivi. Nililipa euro 140 na kitu, nikafika baada ya saa tatu usiku.

Asubuhi nilikaa mbele ya mnunuzi mikono mitupu. Muuza kahawa bila sampuli ni sawa na mshona nguo aliyekuja bila tepu: waonjaji walikuwa wameshachemsha maji, vikombe vimepangwa mezani, nami ninaonyesha picha kwenye simu. Alikuwa mwungwana, akasema ataonja akirudi likizo. Begi lilinifikia hotelini Alhamisi. Aliporudi kazini aliniandikia kwamba ubora wameupenda, ila mgao wa msimu huu wameshaugawa kwa wengine. Wakulima wa chama chetu cha msingi walikuwa wakisubiri jibu hilo.

Na haikuishia hapo. Siku ya kurudi nilikwenda uwanja wa Hamburg na tiketi yangu ya kwenda Frankfurt, nikaambiwa ilifutwa yenyewe kwa sababu sikupanda ile ya kwanza. Hivyo ndivyo kanuni za mashirika mengi zilivyo, ukiruka kipande cha mwanzo vinavyofuata vinafutwa, na wakala anayefanya kazi hii kila siku anajua hivyo. Nikanunua treni mara ya pili.

Tiketi ingekuwa moja, mabegi yangesajiliwa hadi Hamburg, na baada ya kukosa ndege shirika lingewajibika kunitafutia nyingine bila malipo. Wakala ananijibu kwamba alikuwa "ananitafutia nafuu". Nimepiga hesabu: nafuu ile ilikuwa dola 85, na treni mbili peke yake zimeimeza na kupita. Nani alimwambia kwamba mfanyabiashara mwenye miadi isiyosogezeka anataka kuokoa dola 85 kwa kuhatarisha safari nzima? Angeniuliza, ningelipa tofauti hiyo nikiwa nimesimama. Wala hawezi kusema msongamano wa Ulaya ni jambo geni. Mwaka 2022 uwanja wa Heathrow ulizidiwa hadi ukaweka kikomo cha abiria 100,000 wanaoondoka kwa siku, na dunia nzima iliona milima ya mabegi yasiyo na wenyewe.

Kuhusu haki, nimejifunza kwa uchungu, na ninaandika ili mwingine asianze sifuri. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004, ile inayoweza kukupa hadi euro 600 ndege ikichelewa sana, hailindi safari inayotoka nje ya Ulaya kwa shirika lisilo la Ulaya, kwa hiyo mimi kwa kwenda sikuwa na changu, ingawa kwa kurudi ningekuwa nacho. Kinachotushika mkono ni Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania imo: begi likichelewa unaweza kudai hasara uliyoithibitisha, hadi SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa) kwa viwango vilivyoanza tarehe 28 Desemba 2024, yaani zaidi kidogo ya dola 2,000, ila madai yawe kwa maandishi ndani ya siku 21 tangu ukabidhiwe begi. Mimi niliyapeleka siku ya tisa, pamoja na nakala ya fomu, lebo ya begi na risiti.

Kwa wakala ninadai mambo mawili: gharama za treni zote mbili, na barua inayokiri kwamba hakunieleza kuwa tiketi ni mbili. Amepewa hadi mwisho wa mwezi huu, na asipojibu ninapeleka faili lote Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kama kuna mwanajukwaa aliyeuziwa safari ya namna hii msimu huu, tafadhali aandike hapa njia aliyopita na namba ngapi za bukingi zilikuwa kwenye karatasi yake. Majibu ya wakala nitayabandika kwenye uzi huu kama yatakavyokuja.