Mtoto aliyelelewa na bibi, hii tabia huwa inaisha?

Wakuu habarini. Nina mtoto wa marehemu dada yangu, miaka 14, kakaa na bibi yake Muleba, Kagera, tangu alipoachishwa ziwa, sasa tumemleta Dar asome. Kwa adabu sina neno, anapiga magoti kusalimia hadi majirani wanashangaa, na ndizi anamenya kuliko mke wangu. Ila ukimkaripia kidogo ananuna, chakula hali, na siku akiamua haendi shule tumbo linauma, imeisha hiyo. Wife anasema kadekezwa. Mliolelewa na bibi mnasemaje?

Jibu la 1
Bibi na mjukuu ni watani mkuu ulitegemea nini? Wangu alikuwa ananiita mume wangu, sa mume unamchapa? 😂 Niliporudi kwa mzee nilikula fimbo hadi nikanyooka

Jibu la 2
Fimbo za nini jamani, dogo kafiwa na mama afu mmemtenganisha na mama mwingine. Awe anaongea na bibi yake kwenye simu.

Jibu la 3
Mi wa hukohuko. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini waligundulika Kagera 1983, miaka ya tisini kuna nyumba zilibaki bibi na wajukuu tu, katikati hamna mtu, na mi nimetokea nyumba ya hivyo. Bibi hakunidekeza bana, hakuwa na nguvu ya kunikimbiza. Saa mbili usiku kashalala, mi niko senta kwenye puli. Aliyeniokoa ni baba mdogo, alikuwa anatokea ghafla anakagua madaftari. Ila kumbuka mtoto wa hivyo ndo anachota maji, anatafuta kuni, anampeleka bibi kliniki ya presha, yani baba mwenye nyumba ni yeye. Sa mmemleta mjini mmemshusha cheo afu mnashangaa ananuna?

Muuliza
Dah. Kweli hela zote nilizokuwa namtumia bibi, dogo ndo alikuwa anaenda kutoa kwa wakala, namba ya siri anaijua yeye. Hapa kwangu hata rimoti tunagombana.

Jibu la 3
Umeona sasa. Mpe hela ya sokoni aende mwenyewe alete hesabu. Na tumbo likiuma mpeleke zahanati apimwe damu, uone kama litauma tena wiki hiyo 😂