Makosa ndani ya sinema za watoto: yafutwe kwa kompyuta au yaachwe?

Mzee wa Kibokoni

Salaam kwenu nyote. Hoja yangu ni hii: sinema ikishatoka, watu wakaona ina makosa ya wazi, je, wenye nayo wana haki ya kurudi kimya kimya na kuyafuta?

Nauliza kwa sababu watoto wa siku hizi hawatazami picha, wanaikagua. Wanaisimamisha, wanairudisha nyuma, halafu kelele nyumba nzima. Na wanayoyaona yapo kweli. Katika filamu ya kwanza ya Harry Potter, ya 2001, kwenye karamu ya kufungua mwaka wa shule, Harry anakaa upande mmoja wa meza karibu na Ron. Chakula kikitokea, yuko upande wa pili, na hakuna aliyemwona akiinuka. Katika ile ya pili, ya 2002, pale wanapofundishwa kupambana kwa fimbo za uchawi, mpiga kamera anaonekana ukingoni mwa picha katikati ya wanafunzi. Wapo wenzangu barazani wanaosema uchafu kama huo usafishwe, kwani kompyuta zipo na pesa zipo. Mfano wao ni kikombe cha kahawa kilichosahauliwa mezani katika Game of Thrones mwaka 2019 (hiyo si ya watoto, najua). Siku chache baadaye kikafutwa, na leo ukikitafuta hukioni.

Mimi nasema yaachwe. Tazameni The Wizard of Oz ya 1939. Ile ina viraka kila mahali. Nywele za Dorothy, yule msichana wa hadithi, pale anapokutana na lile sanamu la shambani lililojazwa nyasi, zinakuwa fupi, mara ndefu, ndani ya mazungumzo yale yale. Waya unaovuta mkia wa Simba unaonekana. Lakini ukijua ilivyotengenezwa utashangaa ilimalizika vipi. Waongozaji walipokezana: Richard Thorpe aliianza akaondolewa. George Cukor akapita kidogo tu, akambadilisha Dorothy nywele na vipodozi. Victor Fleming akaibeba sehemu kubwa, naye alipoitwa kwenda kushika filamu nyingine, Gone with the Wind, King Vidor akamalizia maonyesho ya Kansas, nyumbani kwao Dorothy. Hata Mtu wa Bati si yule wa mwanzo: Buddy Ebsen alilazwa hospitali kwa ajili ya vumbi la alumini alilokuwa akipakwa, ndipo Jack Haley akachukua nafasi. Ukifuta kila kitu, kazi ya watu hao wote itaonekana kama ilijitengeneza yenyewe.

Tena kuna ule uvumi kwamba msituni, nyuma ya wahusika, anaonekana mtu amejinyonga. Uongo mtupu. Ni ndege mkubwa aliyewekwa pale kupamba msitu, anakunjua mabawa. Kwenye kanda za video zenye ukungu hakuonekana vizuri, watu wakajijazia. Sasa chukulieni kampuni ingemfuta yule ndege ili maneno yaishe. Nani angewaamini tena?

Haya, uwanja wenu.

Kijana wa Kongowea

Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo sikubaliani nawe. Yule mpiga kamera hakuwekwa pale na mwongozaji. Angeonekana siku ya kuhariri, angekatwa bila mjadala. Kwa nini basi siku ya kutoka kwa filamu iwe ukuta, kwamba kosa likionwa jana linaondolewa na likionwa leo linakuwa turathi? Mtu amelipa pesa yake apelekwe kwenye ulimwengu wa uchawi, halafu aonyeshwe mfanyakazi na mtambo wake. Fundi nguo akikuachia pini kwenye kanzu utamrudishia, hutamwambia aiache iwe kumbukumbu.

Mama Watatu, Bombolulu

Mimi sina makuu. Binti yangu mdogo alikuwa akimwogopa yule nyoka anayetolewa kwenye fimbo, katika pambano hilo hilo mnalolisema. Usiku anakuja kitandani kwangu. Kaka yake alipomwonyesha mpiga kamera, hofu ikaisha. Akasema, "Kumbe kulikuwa na watu wazima." Kwangu kosa hilo limefanya kazi. Liachwe.

Kijana wa Kongowea

Mama, samahani, ila umenipa ushahidi wa upande wangu. Ile hofu ndiyo hadithi yenyewe! Nyoka akishakuwa hatishi, Harry anaposimama mbele yake amefanya nini cha maana?

Mama Watatu, Bombolulu

Wewe njoo ulale na mtoto anayepiga mateke, kisha tuzungumze hadithi.

Fundi Kamera, Likoni

Naona mnabishana juu ya moshi, moto hamjauona. Makosa mengi ya aina hii hayatokani na uzembe. Mhariri huyaona na huyapitisha kwa makusudi. Picha haipigwi kwa mfuatano wa hadithi. Hupangwa kwa mahali, kwa taa, kwa saa za waigizaji. Watoto ndio kabisa, sheria za Uingereza zinawawekea kikomo cha saa za kazi na masomo yao lazima yaendelee. Basi unarudia onyesho mara nyingi, na mara ile mtoto aliyocheka kicheko cha kweli ndiyo ile kikombe kiko mkono usio wake. Utachagua kicheko au kikombe? Walter Murch, mmoja wa wahariri wakubwa wa Marekani, aliwahi kugawa alama za kuamulia wapi pa kukata: katika mia, hisia akazipa 51, na mwendelezo wa nani yuko wapi akaupa 4. Mimi kwa hapa kwetu ningeongeza kidogo kwenye hizo 4, na nitawaambia kwa nini.

Nilifanya kazi kwenye picha moja ya familia, kisa cha jini wa mbuyu, sitaitaja. Onyesho la ufukweni tulianza asubuhi maji yamekupwa, mchanga mtupu hadi kwenye miamba. Baada ya chakula tukarudi kumalizia maneno yale yale: maji yamejaa, ile miamba haipo. Ilikuwa bamvua, siku za maji makubwa, na hapa Mombasa bamvua bahari hupanda zaidi ya mita 3 kwa muda wa saa sita hivi. Mwongozaji akasema turudi kesho saa ile ile. Kesho saa ile ile maji yako nyuma kwa karibu dakika 50! Ikabidi mazungumzo yakatwe, na ukitazama vizuri, jini anaanza sentensi kwenye mchanga na kuimaliza bahari ikiwa imemfika miguuni.

Hilo watu walilimeza, ni jini. Kilichotuumbua ni kanga. Mama wa kijana anakwenda kuposa, amejifunga kanga ya "Wema hauozi". Wakati wa kula ikamwagikiwa mchuzi. Aliyekuwa na daftari la kuandika nani kavaa nini alikuwa mgeni wa pwani. Akatafuta nyingine ya rangi ile ile na mji ule ule, akaona amemaliza. Jina, yale maneno yaliyoandikwa, hakulisoma. Siku ya kuionyesha, mama yule yuko katikati ya maneno matamu kwa wakwe, kamera inamzunguka kwa nyuma, mgongoni pameandikwa "Hasidi hana sababu". Wanawake ukumbini waliangua kicheko, wakaanza kuulizana huyu mama anamsema nani. Hadi mwisho wa picha walikuwa wakimngojea mtu ambaye hayumo.

Kosa la namna hiyo linabadilisha maana. Harry kuhama upande wa meza hakubadilishi chochote. Kwa hiyo mimi siko na Mzee wala na Kijana: kosa linalopotosha hadithi litengenezwe, mengine mtu asipoteze umeme wake.

Maalim wa Hesabu, Tononoka

Na makosa ya kusemwa je? Lile sanamu la nyasi likishapewa cheti linajigamba kwamba jumla ya vipeuo vya pili vya pande zozote mbili za pembetatu yenye pande mbili sawa ni sawa na kipeuo cha pili cha upande uliobaki. Hapo Pythagoras hayupo. Yeye alisema miraba, wala si vipeuo. Akataja pembetatu yenye pembe mraba, na pande mbili maalum, wala si zozote. Wapo wanaoshikilia ni mzaha wa makusudi: kapewa karatasi tu, akili hakuongezewa. Fundi, kwa kipimo chako hilo utalitengeneza au utaliacha?

Fundi Kamera, Likoni

Maalim umenibana. Nitaliacha.

Mzee wa Kibokoni

Hapo ndipo hasa penye hofu yangu. Nani anaamua lipi kosa? Leo ni kikombe, kesho ni kitu ambacho mwenyewe alikikusudia. Filamu ya E.T. ya Steven Spielberg ilitoka 1982, na askari wanaowafukuza watoto walikuwa na bunduki. Toleo la 2002 bunduki zikafutwa, wakashikishwa simu za upepo. Spielberg mwenyewe baadaye akasema anajuta, na diski ya 2012 ikarudi na bunduki zake. Aliyeitengeneza ndiye aliyeigusa, bado akajutia. Je, akiigusa karani wa kampuni?

Mimi nawapenda zaidi wale wa Star Wars. Katika ile ya 1977 askari mmoja mwenye kofia nyeupe anajigonga kichwa mlangoni. Toleo la diski la 2004 hawakumfuta. Walimwongezea sauti ya kishindo!

Kijana wa Kongowea

Hilo la kishindo nimelipenda, sikatai. Lakini nao wameigusa, Mzee, au kuongeza si kugusa? Kwangu jibu ni kuweka zote mbili: iliyosafishwa na ya asili, mtu achague.

Mzee wa Kibokoni

Ningekubali mwanangu, na diski za E.T. za 2002 zilikuwa hivyo hivyo, zote mbili ndani ya kasha moja. Lakini nani ananunua diski leo? Mnatazama kwa intaneti, na huko inakaa moja tu, ile aliyoiweka mwenye duka, naye akiibadilisha usiku hakupigii hodi.

Kijana wa Kongowea

Basi sheria iwe kutangaza. Ukigusa, andika mwanzoni mwa picha umegusa nini na lini.

Fundi Kamera, Likoni

Hiyo naiunga mkono. Wenye picha ya jini wamenitaka niifiche ile kanga kabla hawajaiuza kwa televisheni. Nitawaambia waandike.

Mama Watatu, Bombolulu

Fundi, kabla hujaificha niambie inaonyeshwa wapi. Huyo mama nina hakika alikuwa na mtu wake.