Kura zako milioni 2.9 zaidi, Ikulu anaingia mwenzako: mfumo wa wajumbe Marekani ubaki au ufutwe?

Wakuu, nipingeni kwa hoja. Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa kura karibu milioni 2.9, akaapishwa Trump. Kule rais huchaguliwa na wajumbe 538: kila jimbo lina wajumbe sawa na wabunge wake jumlisha maseneta wawili, na Washington DC ina 3. Ukifikisha 270, umemaliza kazi.

Watetezi husema mfumo huu unalinda majimbo madogo. Haya, Wyoming ina watu wasiofika laki sita na wajumbe 3. California ina watu kama milioni 39 na wajumbe 54. Mjumbe wa Wyoming anabeba watu wasiofika laki mbili, wa California zaidi ya laki saba. Na pamoja na upendeleo wote huo, mgombea gani hujisumbua kwenda Wyoming? Matokeo ya kule yanajulikana mapema, kwa hiyo wagombea wanashindia Pennsylvania, ambalo si jimbo dogo hata kidogo.

Kinachoniudhi zaidi ni mshindi kuzoa wajumbe wote wa jimbo. Katiba yao haikuagiza hivyo, majimbo yalijiamulia. Maine na Nebraska hawafuati. Mwaka 2000 George W. Bush alimpita Al Gore Florida kwa kura 537 kati ya karibu milioni 6, akazoa wajumbe wote 25, na urais. Wa umri wangu mnazikumbuka picha zile: mzee kakodoa macho, kainua karatasi ya kura kwenye mwanga, anachungulia kama kitundu cha kumchagua mgombea kimetoboka sawasawa.

— Mleta mada, Florida hiyo hiyo inakusuta. Jimbo moja liliwatoa jasho wiki tano hadi Mahakama ya Juu ikaingilia. Kura zikijumlishwa nchi nzima halafu zikakaribiana, utarudia kuhesabu majimbo 50? Na wakulima nani atawasikiliza, mgombea akishajaza kura za mijini?

— La kurudia kuhesabu nakubali, sina jibu zuri. La wakulima hapana. Kenya, Ibara ya 138: upate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 katika kaunti zaidi ya nusu, yaani 24 kati ya 47. Unalazimika kuzunguka, lakini kura ya Lamu na ya Nairobi uzito wake ni mmoja.

— Sawa, ila kubadili Katiba ya Marekani kunataka majimbo 38 yaridhie. Hao Wyoming watajinyang'anya wenyewe?

— Mimi niko Houston, nimepata uraia juzi juzi tu. Texas haijampa mgombea urais wa Democratic ushindi tangu Jimmy Carter, 1976. Wajumbe 40, mgombea wangu hapati hata mmoja. Foleni napanga vilevile, maana karatasi ile ile ina majaji wa kaunti yetu, na hao hawana wajumbe.